Kakapel: makumbusho yasiyo na mlango, na hesabu ya kuvuta rangi

Najua niliahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata, na bado ipo njiani, lakini safari ya likizo ya Agosti imeniletea jambo jingine ambalo sitaki lipoe. Ni kuhusu michoro ya kale, watoto watatu, gari lililogeuzwa nyumba, na hesabu kidogo ya matriksi. Mnaoogopa hesabu msikimbie, nitaieleza kwa muwa.

Tuanze na gari. Kaka yangu alinunua Toyota HiAce iliyokuwa matatu kwa miaka mingi, akang'oa viti vya nyuma vyote, akamwita seremala amtengenezee kitanda cha kukunja, makabati mawili na kibao cha kupikia. Chini ya kitanda kuna mtungi wa gesi wa kilo 6 na mitungi miwili ya maji ya lita 20. Mimi nilichangia umeme: paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, betri ya pili, na nyaya za kutosha kuchaji simu nne na laptopu moja. Wazungu wana magari ya namna hii yenye choo na bafu ndani. Letu halina. Lina maandishi ya rangi ubavuni yaliyobaki tangu enzi za umatatu, ambayo watoto walikataa katakata yasifutwe, na kila kituo cha mafuta tulichosimama kati ya Nairobi na Webuye palikuwa na mtu aliyetaka kupanda.

Tulikuwa sita: kaka, wifi yangu (wifi wa ndoa, si ile ya intaneti, ingawa watoto waliziulizia zote mbili kwa kiwango sawa), mimi, na watoto wao watatu: msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 9, na kitindamimba wa miaka 5. Tulikuwa tunaenda kwa nyanya yao, mama yetu, nje kidogo ya Malaba. Watoto hawa wamezaliwa na kulelewa Nairobi. Kiteso wanajua salamu na majina ya vyakula, basi. Na kabla hatujafika hata Nakuru, yule mkubwa alikuwa ameshatoa hukumu: "Shangazi, huko kwetu hakuna kitu cha kuona. Ni malori tu."

Ukweli ni kwamba alikuwa na sababu. Shule imewapeleka Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, wameona picha za watu alizochora Joy Adamson. Wamepelekwa pia Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, penye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Kwao sanaa ni kitu chenye tiketi, kioo na askari wa kukwambia usiguse. Ukienda magharibi, kadiri unavyokaribia mpaka, ndivyo vioo vinavyopungua, kwa hiyo sanaa nayo lazima inapungua. Hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba mtoto akishamaliza hesabu hiyo akiwa na miaka 11, hairudii tena. Anakua nayo, na siku moja anamwambia mtu wa ofisini kwamba kwao ni "mpakani tu huko". Nimewasikia watu wazima wengi wakisema hivyo.

Kuhusu malori alikuwa sahihi. Ukikaribia Malaba kutoka Bungoma unaanza kuyaona yamepanga foleni pembeni mwa barabara, makontena yenye lakiri, matangi ya mafuta, yakielekea Kampala, Kigali, Juba na Kongo. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo, foleni hii ilifika makumi ya kilomita. Siku yetu haikuwa mbaya hivyo. Tulisimama kununua ndizi, na mvulana akagundua kitu ambacho sisi watu wazima hatukukiwaza: kila lori lina sanduku la chuma ubavuni, dereva analifungua, ndani mna jiko, sufuria, unga na chumvi. Nyuma ya usukani kuna kitanda na pazia. "Kumbe hawa nao wana nyumba kama yetu," akasema. Dereva mmoja alimsikia, akacheka, akamwambia yake ina magurudumu 22 na hana mke ndani. Kwa dakika ishirini HiAce yetu ilipata heshima.

Sasa Kakapel. Kwa wasiopajua, ni jabali la mawe katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia, miguuni mwa Mlima Elgon. Limeinama mbele likafanya kivuli kama baraza, na kwenye ukuta wa baraza hiyo kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe. Pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, taasisi ileile yenye lile jumba la Nairobi. Kwa hiyo nilipowaambia watoto kesho tunakwenda makumbusho ya sanaa, sikusema uongo. Nilinyamaza tu kuhusu suala la mlango.

Tulifika saa nne asubuhi. Mzee mmoja anayepatunza alitupokea, akawaita watoto "wajukuu", akatutembeza hadi kwenye jabali. Watoto wakasimama. Wakaangalia. Kimya.

"Iko wapi?" akauliza mkubwa.

Hakuna mtu aliyeniandaa kwa jambo hili, maana picha nilizokuwa nimeziona mtandaoni zilikuwa wazi kabisa. Mbele yetu palikuwa na jiwe lenye madoa. Madoa ya maji, madoa ya kuvu, weupe wa chumvi, na hapa na pale kitu kama wekundu. Kitindamimba aliona mjusi, akatangaza mjusi. Nikatoa simu mfukoni.

Mzee akaniambia, kwa upole, "Dada, weka kwanza." Akawaketisha watoto chini, juu ya mawe, migongo yao ikielekea jua. Akawaambia wasiseme neno mpaka macho yazoee kivuli. Halafu akawapa agizo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile: "Msitafute ng'ombe. Tafuteni pembe."

Zilipita kama dakika tatu. Kwa mtoto wa Nairobi dakika tatu bila kuongea ni adhabu. Kisha mvulana akainua kidole, polepole, na kusema kuna mstari umepinda. Mzee akamwuliza, mmoja au miwili? Miwili. Haya, shuka chini ya hiyo miwili, unaona nini? Na hapo ng'ombe akatokea, mwenye pembe ndefu kupita kiasi, na mara alipotokea mmoja wakatokea wengine, kama nyota jioni. Na chini ya ng'ombe, zimefunikwa nusu, duara. Duara ndani ya duara ndani ya duara.

Watafiti wanatofautisha tabaka za michoro hii. Zile duara na maumbo ya kijiometri ndizo za zamani zaidi, na wanazihusisha na wawindaji na wakusanyaji walio jamaa wa Batwa. Ng'ombe walichorwa baadaye, na wafugaji, juu ya kazi ya wenzao. Ng'ambo ya mpaka, kule Nyero wilayani Kumi, Uganda, kuna michoro iliyoandikwa kwenye kumbukumbu tangu mwaka 1913, nayo ina duara nyekundu za ukoo huohuo. Wakati zinachorwa hapakuwa na Malaba, wala Busia, wala lakiri ya kontena. Sisi Wateso tumo Kumi na tumo hapa, tumekatwa katikati na mpaka, lakini duara hizi si zetu pande zote mbili. Tulizikuta.

Baada ya kuona kwa macho ndipo mzee akaniruhusu kamera, bila mwanga wa flashi. Alituambia pia kwamba zamani wageni walikuwa wakimwagia michoro maji ili rangi ing'ae wapate picha nzuri. Inang'aa kweli, kwa dakika chache, na kila mara maji yanaacha chumvi juu na kubeba chembe za rangi yakishuka. Nikamwambia mimi nina maji ya aina nyingine. Turudi sasa kwenye muwa.

Kila pikseli ya picha ni namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Tuseme kipande cha jiwe tupu kina 142, 120, 101, na kipande jirani chenye rangi iliyofifia kina 147, 118, 99. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kwa jicho, hasa kwa kuwa kivuli kidogo tu kinaweza kushusha namba zote tatu kwa 40 kwa mpigo. Chukua pikseli zako zote, milioni 12 hivi kwa simu ya kawaida, uzitundike hewani kama nukta, kila moja mahali pake kwa namba zake tatu. Ungetarajia wingu la duara. Hupati wingu. Unapata muwa, mrefu na mwembamba, kwa sababu namba tatu zinapanda na kushuka pamoja. Urefu wa muwa ni mwanga na giza. Jicho letu linaona urefu huo na kuridhika. Kumbe habari ya rangi, ile ya pembe na duara, imo kwenye unene wa muwa.

Basi tunafanya hivi. Kwanza tunauzungusha muwa ulale sawasawa na mhimili. Pili tunaupanua unene wake mpaka ulingane na urefu, muwa unakuwa tikiti maji. Tatu tunauzungusha kurudi ulivyokuwa. Wekundu uliokuwa umefichama unaanza kupiga kelele. Waliosoma hesabu watatambua vyombo vyenyewe: wastani, matriksi ya kovariansi ya 3 kwa 3, vekta zake tatu, gawanya kila mwelekeo kwa upana wake, rudisha. Kwa Python na NumPy ni kama mistari 20. Ni mojawapo ya zile siku chache ambazo algebra ya mwaka wa pili chuoni inakulipa nauli.

Mbinu si yangu wala si ngeni. Ilikuwa inatumika kwanza kwenye picha za dunia zilizopigwa kutoka angani, na maabara ya NASA ya Jet Propulsion Laboratory ni miongoni mwa waliyoiendeleza, ili kutofautisha aina za miamba na udongo. Mwaka 2005 mwanahesabu Mmarekani, Jon Harman, akatengeneza programu ndogo iitwayo DStretch, inayofanya kazi ndani ya ImageJ, programu huria ya wanasayansi, akiwa na michoro ya mapangoni akilini. Leo watafiti wa michoro ya miambani duniani kote wanaitumia. Ungeweza kuichukua DStretch ukaishi kwa amani. Mimi niliandika yangu kwa sababu nilikuwa na jioni mbili ndani ya HiAce na betri iliyojaa.

Onyo moja la kiufundi kwa atakayejaribu. Usitumie JPEG ya kawaida ya simu ukiweza kuepuka. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa habari ambayo jicho halitaikosa, na cha kwanza kutupwa ni undani wa rangi, ndicho hasa unachokitafuta. Ukivuta rangi za JPEG unaona visanduku vya pikseli 8 kwa 8, kama vigae vya bafuni, na ng'ombe wako anafanana na mchezo wa video wa mwaka 1985. Weka kamera kwenye RAW. Faili zitakuwa kubwa, vumilia. Weka pia kipande cha karatasi nyeupe pembeni mwa picha moja, kitakusaidia baadaye kujua weupe ulikuwa upi.

Usiku ule, gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe wa nyanya, niliendesha mistari yangu 20 kwenye laptopu huku watoto watatu wamenilalia mabegani. Picha ya kwanza ikatokea. Jiwe likawa la kijani kibichi, ng'ombe wakawa zambarau, na duara zikawa nyekundu kama pilipili. Na palipokuwa patupu kabisa mchana, mahali ambapo hata mzee hakutuonyesha, palikuwa na duara nyingine mbili.

Kelele za watoto zilimtoa nyanya ndani ya nyumba.

Nilikuwa nimejiandaa kujivuna kidogo, lakini yule mvulana akauliza, "Shangazi, sasa ipi ndiyo ya kweli?"

Nikasema zote. Hakukubali. Ng'ombe hakuwa zambarau, akasema, tulimwona, alikuwa kama kutu. Nikamweleza kwamba rangi hizi ni za uongo, mashine imezitia chumvi ili tofauti ionekane, lakini umbo ni la kweli. Dada yake akaingilia: kama rangi ni za uongo, tutajuaje duara mbili mpya si za uongo pia? Jamani! Kuna watu wana shahada kama yangu na hawajawahi kuuliza swali hilo mbele ya grafu. Tukalijaribu. Tulichukua picha nne za sehemu ileile, zilizopigwa kwa pembe tofauti na kwa saa tofauti, tukazivuta zote. Duara moja ilionekana kwenye picha zote nne. Ile ya pili ilionekana kwenye moja tu, kwingine ikawa doa la maji. Mkubwa akaifuta kwenye orodha yake kwa kalamu, mistari miwili mizito.

Asubuhi alitaka turudi. Si mimi niliyependekeza, ni yeye. Alitaka kukaa palepale alipoketi na kuona kama ataiona ile duara moja kwa macho, sasa akijua mahali ilipo. Tulirudi. Anasema aliiona. Mimi nilitazama kwa robo saa na sikuiona, na sidhani kama alidanganya.

Ni katika ziara hii ya pili lilipozuka suala la majina. Kama ilivyo sehemu nyingi za namna hii, wapo waliopita wakaacha majina yao kwenye jiwe, mengine kwa mkaa, mengine yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Mvulana alikuwa na jiwe dogo mkononi. Sikumkemea, kwa sababu alikuja kuomba ruhusa kwanza, na alikuja na hoja. Hoja yake ilikuwa hii: watu wa duara walichora. Watu wa ng'ombe wakachora juu yao, hawakuomba. Wote wawili tumeendesha gari siku mbili kuja kuwaona. Yeye akiandika jina lake leo, kwa nini ni uharibifu? Na baada ya miaka elfu mbili, je?

Nilimpa jibu la kiprogramu, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. Nikamwambia kuna kuongeza mstari mwishoni mwa faili, na kuna kuandika juu ya faili lote. Aliyechora ng'ombe aliongeza rangi, na duara bado ziko chini yake, ndiyo maana jana usiku tulizivuta zikaja. Anayekwaruza hafanyi hivyo. Anaondoa uso wa jiwe pamoja na rangi, na hakuna matriksi itakayorudisha kisichokuwepo tena.

Akafikiri. "Nikitumia rangi, basi?"

Hapo niliishiwa. Baba yake akasema hapana, kwa sauti ya baba, na mjadala ukafungwa kiutawala. Lakini ningependa mjue kwamba kwa hoja mtoto hajashindwa. Jibu langu la leo, baada ya kulitafakari barabarani, ni kwamba ukuta ule umebaki mmoja na wachoraji wake hawapo tena kuchora mwingine, na sisi tuko milioni hamsini na ushee wenye majina. Ni jibu la uhaba tu, si la haki. Mzee, kwa upande wake, alimpa kazi: amhesabie ng'ombe wote wanaoonekana kwa macho. Alihesabu mara tatu akapata namba tatu tofauti.

Nyanya ndiye aliyeleta sehemu iliyonigusa zaidi, na hakujua. Mchana alipika kunde kwa karanga na kuwasongea watoto ugali wa wimbi. Jirani wawili walikuwa wamekaa nje kwenye chungu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, kila mtu na wake. Watoto wakaanza kumweleza kuhusu Kakapel, wakigombania zamu ya kusema, na mimi nikaongezea nilichokuwa nimesoma: kwamba wataalamu, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa na wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, wamechimba sakafu ya jabali lilelile, na matokeo yalichapishwa Julai 2024 katika jarida la Proceedings of the Royal Society B. Watu wameishi pale, kwa vipindi tofauti, kwa zaidi ya miaka 9,000. Waliufanyia udongo kitu rahisi ajabu: wanautia majini, udongo unazama, mkaa na mbegu zilizoungua zinaelea, wanazichota. Hivyo ndivyo walivyopata kunde ya kupandwa yenye umri wa miaka kama 2,300, mmoja wa ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo cha mazao katika Afrika Mashariki. Na mtama. Na mamia ya mbegu za wimbi, za miaka kama 1,000 iliyopita.

Nyanya akaangalia sahani. "Kwa hiyo walikuwa wanakula hiki?"

Ndiyo, mama. Hiki.

"Na karanga?"

Karanga hapana, hizo zilikuja baadaye kutoka Amerika.

"Basi hawakula vizuri," akasema, akaongeza kijiko kwenye sahani ya kitindamimba.

Nirudi kwenye teknolojia nisije nikalia. Kuna shirika lenye makao Nairobi, TARA, lililoanzishwa na mpigapicha David Coulson mwaka 1996, ambalo limezunguka Afrika likipiga picha michoro ya miambani, Kakapel ikiwemo. Kuanzia 2013 Makumbusho ya Uingereza kule London yaliingiza picha zake za kidijitali zipatazo 25,000 kwenye hifadhi yao na kuziweka mtandaoni. Hili ni jema, na nililitumia kabla ya safari. Hata hivyo linanikereketa kidogo kwamba mtoto wa Kolanya mwenye simu anaiona Kakapel kwa kupitia seva ya London wakati jabali liko nyuma ya shule. Sisemi picha zirudishwe, faili hainakiliwi kwa kunyang'anywa. Nasema nakala ikae pia hapa, kwenye karatasi ikibidi.

Karatasi ndiyo tuliyofanya. Mzee alikuwa ameniomba picha mbili za kuwaonyesha wageni: moja kama ilivyo, moja iliyovutwa, ili anayekuja ajue atazame wapi. Alisisitiza ile ya kawaida iwe kubwa zaidi. Siku iliyofuata tulikuwa na safari ya Busia, kilomita thelathini na kidogo kusini, wifi akitaka vitenge vya soko la mpakani. Watoto walitaka kuona mahali neno bodaboda lilipozaliwa, maana niliwaambia lilianza na waendesha baiskeli wa mpaka huu waliokuwa wakiita abiria, toka boda hadi boda, miongo kabla ya pikipiki za leo. Waliona pikipiki nyingi. Waliona pia watu wenye ulemavu wakiendesha baiskeli zao za magurudumu matatu, zimesheheni mizigo, wakipita kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2018 kwa uzoefu wa kutisha.

Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye duka la kuchapisha, mtaa wa nyuma, na flashi yangu mkononi. Kijana wa duka alifungua faili ya pili, akaona ng'ombe wa zambarau, akanihurumia. Kabla sijasema neno alibofya ile kitufe ya kurekebisha rangi yenyewe, na mbele ya macho yangu programu ikauchukua muwa wangu niliouhangaikia jioni mbili na kuusawazisha ukarudi kuwa jiwe lenye madoa. "Sasa iko sawa, madam," akasema kwa fahari.

Ikabidi nimweleze yote kuanzia mwanzo, Kakapel, duara, muwa, tikiti. Watu watatu waliokuwa wakisubiri kuchapisha barua za kazi wakasogea. Mmoja anatoka Amukura, akasema alipelekwa Kakapel akiwa darasa la sita na hakuona kitu. Nikamwonyesha picha mbili kando kwa kando. Akazitazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye ile ya kawaida, si ile ya zambarau, akaanza kutafuta.

Tulichapisha A3 moja, A4 moja, zikapigwa plastiki. Jumla shilingi 340 baada ya kupunguziwa. Jioni, tukiwa Malaba tena, kaka alimkabidhi mwendesha boda mmoja jirani na nyanya bahasha hiyo aipeleke Kakapel asubuhi, kwa shilingi 200, na mvulana akatia ndani karatasi yake yenye namba tatu za ng'ombe, ili mzee achague iliyo sahihi.